Mashine ya Kuchomelea Huchaguliwa Nyumbani Kabla ya Dukani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo humhusu kila mtu, lakini humhusu zaidi askari anayestaafu, kwani siku anapokabidhiwa kiinua mgongo chake ndiyo siku ambayo fedha nyingi humjia kwa mkupuo mmoja, pengine kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Siku hiyo washauri huwa wengi. Mmoja humwambia anunue pikipiki, wa pili ng'ombe, wa tatu kiwanja. Na yule aliyezoea kazi ya karakana huambiwa anunue mashine ya kuchomelea vyuma, maadamu watu wanajenga kila siku na hakuna nyumba isiyotaka mlango. Ushauri huo si mbaya. Ubaya huja pale ambapo mnunuzi huichagua mashine kwa macho, akiwa amesimama dukani, badala ya kuichagua kwa hesabu akiwa angali nyumbani.

Sajini mmoja wa jeshi la Uganda, mwenyeji wa Teso, aliponea chupuchupu katika jambo hilo. Alikuwa ametumikia miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza katika karakana ya magari, akiziba nyufa za fremu na kuunga mabomba ya moshi. Alipostaafu alikusudia kufungua banda la kuchomelea katika kituo kidogo cha biashara nje ya mji wa Soroti, mahali alipokwisha kujenga nyumba. Basi akafunga safari yeye na mkewe hadi Kampala, wakaenda katika mtaa wa Katwe, ambao mafundi wake wa vyuma wamevuma tangu zamani kwa kutengeneza mageti, vitanda, majiko na mashine za kusagia nafaka.

Huko akaiona. Ilikuwa mashine kubwa yenye magurudumu, ya ampea 400, iliyokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini. Ilifanana kabisa na ile ya karakana ya jeshi. Sajini aliigonga ubavuni kwa kiganja kama mtu anavyompigapiga fahali sokoni, akauliza bei. Bei yake ilikuwa karibu theluthi mbili za kiinua mgongo chote, na alikuwa tayari kuilipa.

Mkewe hakuwa na ujuzi wa vyuma, lakini kwa miaka mingi alikuwa ameiendesha nyumba ya kambini kwa mshahara wa askari, akiwasomesha watoto watano. Alimwuliza yule fundi mzee aliyekuwa akiuza: "Mzee, mashine hii inakula umeme wa namna gani?"

Fundi akamjibu kwa Kiswahili cha kambini, kwa kuwa naye aliwahi kufanya kazi na askari: "Hii hutaka umeme mkubwa, mama. Volti 415, kama ule wa mashine za kusagia."

"Nguzo iliyo karibu na nyumba yetu ina nyaya mbili tu," akasema yule mama. "Kila ninapoanika nguo ninaziona."

Fundi akamtazama Sajini, kisha akaitazama mashine. "Basi, Afande," akasema, "kwa nyaya mbili mashine hii itakuwa meza ya kuwekea chai."

Sajini hakupendezwa. Si jambo rahisi kwa mtu aliyekuwa akitoa amri kusahihishwa mbele ya wauzaji. Lakini njiani alimkumbuka koplo mmoja, mwenzake wa zamani, aliyestaafu kabla yake. Huyo alinunua mashine ya waya pamoja na mtungi wake wa gesi, akaipeleka kijijini. Gesi ya kwanza ilipokwisha, alitambua kwamba mahali pa kuujazia mtungi palikuwa mbali mno, na nauli ilikula faida yote. Mashine ile ilifunikwa gunia, na hatimaye ikauzwa kwa hasara. Karo za watoto zikaja kulipwa kwa mkopo. Sajini alipokumbuka hayo alikubali shauri la mkewe, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

KAZI KWANZA

Kwa muda wa wiki mbili Sajini alizunguka kituoni na vijiji vya jirani akiwa na daftari la shule la mtoto wake. Hakuuliza ni mashine gani iliyo nzuri. Aliandika ni vyuma gani vinavyovunjika, na ni vyuma gani ambavyo watu walikuwa wakivinunua kutoka Soroti.

Daftari lilionyesha mambo yaliyo wazi. Kazi nyingi zilikuwa milango, madirisha na nondo za kuzuia wezi, ambazo hutengenezwa kwa vyuma vyembamba vya unene wa milimita 1 na nusu hadi 3. Zilifuata baiskeli na pikipiki za bodaboda, zenye mabomba membamba zaidi. Kisha, kwa kuwa Teso ni nchi ya kulimia ng'ombe, yalikuwapo mapulau mengi yenye ndimi zilizolika na mikono iliyokatika, yakingojea mvua za kwanza. Mwisho zilikuwapo kazi chache za vyuma vizito, kama vile matela na magurudumu ya mikokoteni. Hapakuwa na kazi hata moja ya kila siku iliyohitaji ampea 400.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Unene wa chuma ndio unaochagua unene wa kijiti cha kuchomelea, na kijiti ndicho kinachochagua ampea. Kijiti cha milimita 2 na nusu, kinachofaa kwa madirisha na milango, hutaka kati ya ampea 60 na 90. Kijiti cha milimita 3.2, kinachofaa kwa pulau na fremu ya kitanda kizito, hutaka kati ya ampea 90 na 130. Kile cha milimita 4, cha matela, hutaka ampea 130 hadi 180. Basi mtu mwenye kazi kama zilizoandikwa katika daftari la Sajini hutoshelezwa na mashine inayotoa ampea 160 hadi 200 kwa kweli. Zinazozidi hapo hulipiwa fedha bila kutumika.

AINA ZA MASHINE

Mashine za kuchomelea zinazopatikana madukani ni za namna nyingi, lakini kwa mwanzaji zaweza kugawanywa katika mafungu machache.

Fungu la kwanza ni mashine za transfoma. Hizi ni nzito, kwa kuwa ndani yake mna chuma na nyaya nene zilizozungushwa. Sifa yake ni uvumilivu: hazina vitu vingi vya kuharibika, na fundi wa mtaani huweza kuzizungushia nyaya upya. Kasoro yake ni kwamba huvuta umeme mwingi, na umeme wa mahali ukidhoofika, mwali nao hudhoofika, na kijiti hunata kwenye chuma. Zile zinazoundwa mitaani huwa rahisi kwa bei, lakini nyingine hazina kifuniko wala kifaa cha kuzizima zinapopata joto mno, na nyingine zimezungushiwa alumini ilhali muuzaji husema ni shaba. Alumini si haramu, ila hupata joto upesi kama haikunenepeshwa, tena ni nyepesi. Mnunuzi ainyanyue.

Fungu la pili ni mashine za inveta. Hizi hutumia elektroniki, nazo ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja huibeba mkononi kwenda kuchomelea geti la mteja. Hutoa umeme wa mkondo mmoja, kwa hiyo mwali wake ni mtulivu, na mwanafunzi hujifunza nao kwa urahisi. Huvuta umeme kidogo kuliko transfoma kwa kazi ile ile. Lakini adui zake ni vumbi, unyevu na radi. Kadi yake ya ndani ikiungua, fundi wa kijijini hana la kufanya.

Fungu la tatu ni mashine za waya, ambazo mafundi huziita migi. Ni za haraka, nazo zafaa sana kwa mabodi ya magari na mabati membamba. Nyingi zahitaji mtungi wa gesi, na upepo ukivuma katika banda lililo wazi hiyo gesi hupeperushwa, mshono ukajaa matundu. Zipo pia zile zitumiazo waya wenye dawa ndani yake, zisizohitaji gesi, ila waya huo hugharimu zaidi. Ndugu yake, ambayo huitwa tigi, hufaa kwa alumini na chuma kisichoshika kutu, na yataka mkono uliozoea.

Mwisho ni moto wa oksijeni na asetilini, ambao hauhitaji umeme. Huo wafaa kwa kuunga fremu za baiskeli kwa shaba ya manjano na kwa kukata vyuma vinene. Lakini mitungi yake yataka uangalifu mkubwa kuliko kitu chochote kilichotajwa hapa, na mtu asiyefundishwa asiiguse.

UMEME WA MAHALI

Baada ya kuijua kazi, Sajini aliutazama umeme. Mkewe alikuwa amekwisha kumpa somo la kwanza: kuhesabu nyaya. Kwa kawaida laini ya mtaani yenye nyaya nne hubeba umeme wa njia tatu, wa volti 415, na ile yenye nyaya mbili hubeba wa njia moja, wa volti 240. Mahali ambapo nyaya zimesokotwa pamoja mtu asibahatishe, bali awaulize watu wa kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ambayo tangu tarehe 1 Aprili 2025 ndiyo iliyochukua kazi hiyo katika sehemu kubwa ya Uganda. Kuvutiwa laini ya njia tatu kwaweza kugharimu kuliko mashine yenyewe.

Somo la pili ni la soketi. Soketi ya kawaida ya nyumbani hubeba ampea 13, na ampea 13 zikizidishwa kwa volti 240 ni wati 3,120. Sasa mtu achukue kijiti cha milimita 3.2 na kukichoma kwa ampea 120. Mwali wake huwa na volti 25 hivi, na ampea 120 mara 25 ni wati 3,000. Lakini mashine yenyewe hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, kwa hiyo huvuta ukutani karibu wati 3,700, na mara nyingi ampea zake huzidi hata hesabu hiyo. Ni dhahiri kwamba soketi ile haitoshi. Plagi itayeyuka, na pengine waya uliomo ukutani utaungua usiku watoto wamelala. Mashine ya kuchomelea yataka waya wake peke yake, mnene, utokao moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme, wenye swichi yake ya kujikata na waya wa ardhini. Wanaokaa katika nyumba za kambi, za jeshi au za polisi, wasithubutu kuiunganisha bila ruhusa na bila fundi aliyesomea, kwani nyaya hizo hazikuwekwa kwa kazi hiyo, na moto wa nyumba moja huwa moto wa safu nzima.

Somo la tatu Sajini alilipata kwa kuazima kipimo cha volti. Asubuhi kilionyesha 235. Saa moja jioni, watu walipowasha pasi, majiko na televisheni, kilishuka hadi 190. Inveta nyingi hustahimili mshuko wa asilimia 15 tu, yaani hadi volti 204, ingawa zipo zilizoundwa kwa ajili ya umeme dhaifu zaidi, na jambo hilo huandikwa kwenye kitabu chake. Sajini akaandika katika daftari: kazi ya kuchomelea ni asubuhi na mchana, na jioni ni kupaka rangi. Kwa njia hiyo alizinusuru pia taa za majirani, ambazo zingefifia kila alipowasha mwali, na ujirani ni mtaji.

Atakayetegemea jenereta naye apige hesabu hiyo hiyo. Jenereta ndogo ya kilovolti-ampea 2 na nusu huwasha taa na friji, lakini haiwezi kijiti cha milimita 3.2. Kwa kijiti hicho yatakiwa jenereta ya 6 au zaidi.

KUSOMA KIBAO

Sajini aliporudi Katwe alikwenda akiwa na daftari. Yule fundi mzee akampokea kwa kicheko, akamfundisha jambo la mwisho. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa mashine si ushahidi. Huenda imeandikwa 300, nayo haitoi hata ampea 160. Ukweli huandikwa kwenye kibao kidogo cha nyuma au cha chini.

Kwenye kibao hicho mtu atafute herufi X na asilimia iliyo mbele yake. Hiyo ndiyo inayoeleza mashine yaweza kufanya kazi dakika ngapi katika kila dakika 10. Palipoandikwa asilimia 60 kwa ampea 160, maana yake ni kwamba kwa ampea hizo itachomelea dakika 6 na kupumzika 4. Palipoandikwa asilimia 20, itachomelea dakika 2 na kupumzika 8. Mfanyakazi wa madirisha hupumzika mwenyewe anapogonga ganda la mshono na kupima pembe, kwa hiyo asilimia 35 au 40 yaweza kumtosha. Mwenye kuchomelea matela kutwa nzima atafute 60. Mashine isiyo na kibao kabisa, alisema mzee yule, ni kama mtu asiyetaka kutaja kwao.

Fundi mwenyewe aliipenda transfoma. "Afande," alisema, "hii nikikuuzia leo, mjukuu wako ataitumia. Hiyo inveta ikila vumbi la Teso mwaka mmoja, utaniletea maiti." Maneno yake yalikuwa na haki. Lakini daftari lilikuwa na hoja zake: umeme wa njia moja, volti zinazoshuka, na mageti yaliyotaka kuchomelewa yakiwa yamekwisha kusimama. Sajini alinunua inveta ya ampea 160 za kweli, iliyoundwa kustahimili umeme dhaifu, kutoka kwa muuzaji mwenye vipuri na karatasi ya dhamana. Akajiwekea kanuni mbili: kila Jumamosi kuipuliza vumbi ikiwa imechomolewa, na kuichomoa kila wingu linaponguruma. Bei yake haikufika hata robo ya ile mashine kubwa.

MACHO NA MAPAFU

Fedha iliyobaki haikwenda yote benki. Mkewe alisisitiza kwamba kofia ya uso, glavu za ngozi na aproni zinunuliwe siku ile ile, kwa kuwa mambo ya "nitanunua baadaye" huishia hospitalini. Kioo cha kofia kiwe cha namba 10 au 11. Miwani ya jua si kinga hata kidogo. Anayeutazama mwali bila kinga huenda asihisi kitu mchana, lakini usiku macho humwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Watoto hupenda kutazama cheche, kwa hiyo banda la Sajini lilizungushiwa turubai kabla ya kijiti cha kwanza kuwashwa.

Moshi nao si wa kudharauliwa. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Mtu afanyie kazi mahali penye hewa, akae upande unakotoka upepo, na asichomelee bomba lenye zinki kabla ya kuiondoa zinki hiyo, kwani moshi wake huleta homa na kutetemeka jioni.

Na pipa lililowahi kutia petroli, dizeli au lami lisichomelewe kamwe, hata kama limekaa mwaka mzima bila kitu. Mvuke uliobaki ndani wahitaji cheche moja tu. Mteja wa kwanza kufika kwenye banda la Sajini alileta pipa la namna hiyo, akitaka litiwe kifuniko. Sajini alilikataa, na fedha ikaondoka. Mkewe hakulalamika.

Mvua za kwanza ziliponyesha, pulau zililetwa. Ulimi wa kwanza aliouchomelea ulipasuka pembeni mwa mshono baada ya siku mbili tu. Mwenyewe aliurudisha akiwa kimya, jambo lililomwumiza Sajini kuliko matusi. Mashine haikuwa na kosa. Ulimi wa pulau ni wa chuma kigumu, naye alikuwa ametumia vijiti vya kawaida vya namba 6013, kisha akaumwagia maji upoe upesi. Akaurudia bila malipo: akaupasha moto kwanza kwa makaa, akatumia vijiti vya 7018 vilivyokuwa vikavu, ambavyo inveta huviwasha vyema ilhali transfoma nyingi ndogo hushindwa, kisha akauzika katika jivu ili upoe taratibu hadi asubuhi. Ulimi huo ulimaliza msimu.

Katika muhula uliofuata karo za watoto wawili waliobaki shuleni zililipwa siku ya kufungua, bila mkopo. Daftari lingali limening'inia kwenye msumari bandani, na sasa huandikwa na mama, ambaye hupokea fedha na kutoa stakabadhi. Kwenye ukurasa wa mwisho Sajini ameandika maswali matatu ya kumpa kila askari anayefika kumwuliza anunue mashine gani: Kwenu huvunjika nini? Nguzo yenu ina nyaya ngapi? Ukiisha kuinunua, utabakiwa na kiasi gani? Asiyeweza kuyajibu huambiwa akae kwanza, anywe chai, kisha arudi nyumbani kuhesabu.